Tumbo la Elungat

Wachimbaji wa mgodi wa dhahabu wa Tiira walikuwa wameyazoea mafuta ya mbarika kama watoto wa misheni wanavyozoea kwinini. Dhahabu ikipotea, au Sajini, mwenye mgodi, akiota tu kwamba imepotea, waliokuwa shimoni siku hiyo walifungiwa kwenye banda la mabati, wakanyweshwa kikombe kizima kila mmoja, kisha wakakalishwa juu ya ndoo mpaka matumbo yaishe. Msimamizi aliyasafisha yaliyotoka kwa karai na maji, na mara nyingi hakupata kitu. Watu walitoka wakiyumba, wakicheka kwa aibu, na kesho yake wakashuka tena.

Jina hasa la Sajini lilikuwa Chrispinus Wesonga. Alipigana Burma katika jeshi la Mfalme na alirudi na kovu shingoni, na tangu hapo hakuitikia jina jingine. Hakuwa mtu wa kudhulumu mshahara. Mchimbaji akiugua alimpa dawa. Akifiwa alimpa ruhusa na gunia la mahindi. Lakini alikuwa na neno lake alilopenda kulisema akiwa amesimama mlangoni pa uzio, mikono kiunoni: "Ukishapita hapa, wewe ni wangu mpaka utoke."

Elungat alipita hapo mwaka wa kwanza wa Uhuru wa Uganda. Alikuwa Mteso wa kijiji cha Molo, mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyevunja mawe miaka mingi chini ya mlima wa Tororo. Alikuja na mkewe Aguti. Mtoto wao Otai walimwacha kwa bibi yake. Elungat akapewa sururu na taa, Aguti akapewa karai, akawa anaosha mchanga kijitoni pamoja na wanawake wengine. Miongoni mwao alikuwa Nangila, mjane wa Kisamia, mwenye mikono migumu kama kwato kwa kutwanga mawe, na mdomo usioogopa mtu. Wawili hao walielewana haraka.

Ijumaa moja, mvua za kwanza zikiwa zimeanza, Nashon Ojiambo aliyekuwa akichimba pamoja na Elungat alipiga ukelele kutoka chini kwamba wamepata donge. Si vumbi, si punje. Donge la dhahabu kubwa kama harage, limekaa ndani ya jiwe jeupe kama jicho. Sajini aliteremshwa kwa kamba haraka haraka. Alipofika, jiwe lilikuwepo limepasuliwa, na tundu lilikuwepo ndani yake. Donge halikuwepo.

Wanaume wanne walikuwa shimoni. Wote wanne walipandishwa juu wakaingizwa bandani, na Rasto, msimamizi, akafunga mlango kwa ndani.

Rasto alimimina mafuta. Nashon alikunywa, akakunja uso, akaenda kwenye ndoo. Wa pili na wa tatu wakanywa. Kikombe cha nne kilimfikia Elungat, naye hakukipokea.

"Mimi sinywi," alisema.

Rasto alidhani ni mzaha. "Kunywa, bwana. Tumalize twende kula."

"Sinywi."

Sajini, aliyekuwa amekaa juu ya sanduku, aliinua kichwa. "Kwa nini hunywi? Unaficha nini?"

"Ukiona mimi ni mwizi, polisi wako Busia. Nifunge kamba unipeleke, nitakwenda kwa miguu yangu. Lakini tumbo hili hukulinunua, Sajini. Nakuuzia mikono, asubuhi mpaka jioni. Jioni hata mikono inarudi kwangu."

"Ndani ya uzio huu kila kitu ni changu."

"Shimo ni lako. Mawe ni yako. Dhahabu ni yako, sibishi. Mimi si wako. Sikuwa wa Mzungu, sikuwa wa chifu, leo niwe wako?"

"Nani amekufundisha maneno haya? Wanasiasa wa Tororo?"

"Nilizaliwa nayo. Hata mbwa anajua mdomo wake ni wake. Mtie kidole uone."

Nashon, juu ya ndoo yake, alitamani Elungat anyamaze. Alimjua Sajini. Alijua kwamba angevumilia mtu mvivu, hata mtu mlevi, lakini si mtu anayemwambia neno kama hilo mbele ya wengine.

Sajini hakupaza sauti. Alimwambia Rasto, "Mnyweshe."

Rasto alianza na kiboko. Kilimpata Elungat mgongoni, kisha shingoni, kisha usoni, ngozi ikapasuka juu ya jicho na damu ikamfumba. Elungat alisimama tu, mikono ameikunja juu ya tumbo kama mama mjamzito anayepita kwenye umati. Kiboko kilipokatika Rasto akachukua mpini wa sururu. Pigo la kwanza lilivunja mkono wa kushoto. Mlio wake ulisikika mpaka nje. Elungat akapiga magoti.

Nje watu walikuwa wamekusanyika. Aguti alikimbia kutoka kijitoni akiwa bado ameshika karai. Aliugonga mlango kwa viganja, haukufunguliwa. Alizunguka banda mpaka akapata tundu la msumari kwenye bati, akaweka jicho. Alimwona mumewe amepiga magoti, uso mzima mwekundu, na Rasto akijaribu kumtenganisha meno kwa kijiko cha chuma.

"Baba Otai!" alipiga kelele. "Kunywa! Ni mafuta tu! Kunywa, twende nyumbani!"

Elungat aliisikia sauti yake. Aligeuza kichwa upande ilikotoka, na kwa jicho moja lililobaki wazi akatafuta lile tundu. Akatikisa kichwa polepole. Hapana.

Rasto alitumia nafasi hiyo kusukuma kijiko ndani, na kidole chake kikaingia pamoja nacho. Elungat akauma. Aliuma mpaka mfupa, Rasto akalia kama ng'ombe, akarusha mpini kwa mkono mwingine bila kuangalia unakotua. Ulitua kwenye panja la kichwa. Meno yaliachia, Elungat akaanguka kifudifudi juu ya mafuta yaliyomwagika, miguu yake ikapiga udongo kidogo, ikatulia.

Sajini alimgeuza kwa buti. Akainama, akaweka sikio kifuani, akakaa hivyo muda mrefu.

"Amekufa," Nashon alisema.

"Nyamaza wewe." Sajini aliinuka. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, lakini mtu aliyezoea kuamuru akishikwa na hofu huamuru zaidi. Alichomoa kisu cha kuchunia kilichokuwa kimechomekwa kwenye nguzo.

Aguti aliyaona yote kwenye tundu la msumari. Aliona shati la mumewe likipasuliwa, kisha akaona tumbo, ambalo alilijua kuliko alivyolijua lake mwenyewe, likifunguliwa kama la mbuzi. Alimwona Sajini ameingiza mkono mpaka kiwiko. Wale watatu ndani walitapika mafuta waliyokuwa wameyanywa.

Mlango ukafunguliwa. Sajini alitoka, mkono wake wa kulia ukichuruzika, ameuinua juu. Kati ya vidole viwili kulikuwa na kitu kidogo. Alikifuta kwenye shati, kikang'aa.

"Mmeona?" alisema. "Mmeona wenyewe? Alikuwa nayo! Mwizi alikuwa nayo tumboni!"

Alitarajia, pengine, kwamba wangesema ndiyo. Na kwa kitambo kidogo watu walisita kweli. Waliitazama ile dhahabu, wakatazamana. Walikuwa wameamini kwamba Elungat alipigwa bure. Aguti naye aliiona. Alinidanganya hata mimi, aliwaza. Amekufa kwa donge.

Nangila alipita mbele. Mkononi alikuwa na jiwe la kutwangia.

"Umempasua mtu," alisema.

"Alikuwa mwizi, mama! Angalia!"

"Nimeangalia. Dhahabu ni yako. Umempasua mtu."

"Alikuwa ndani ya uzio wangu..."

"Chrispinus mwana wa Wesonga," Nangila alimwita, na hakuna aliyewahi kumwita hivyo pale, "mimi ni Msamia kama wewe. Nani katika ukoo wetu amewahi kumfungua mtu? Umempasua mtu."

Akarusha jiwe. Lilimpata Sajini kinywani, meno yakatoka pamoja na damu. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kuhesabu mawe. Wachimbaji waliokuwa wamekunywa mafuta kimya kwa miaka walikuja na sururu, na mitalimbo, na mikono mitupu. Uzio uliangushwa. Banda la mabati liling'olewa bati baada ya bati. Rasto alijaribu kukimbia akiwa ameshika kidole chake. Walimkamata kwenye gurudumu la kamba, wakamwinua wakiwa watano, wakamtupa shimoni. Sauti yake ilishuka pamoja naye ikakatika kwa kishindo. Hakufa. Miguu yote miwili ilivunjika, na walimsikia akiomba maji huko chini, na hakuna aliyempelekea mpaka jioni.

Sajini aliponyoka kwa baiskeli yake. Alikanyaga kuelekea Busia, damu ikimtoka mdomoni, na watu kama thelathini wakamfuata kwa miguu na baiskeli. Kaka yake alikuwa na duka upande wa Kenya. Akivuka tu, alijua, angepona.

Aguti hakuwafuata. Aliingia palipokuwa banda, akakaa karibu na mumewe. Nangila alileta maji na sindano ya kushonea magunia. Walimwosha. Walirudisha ndani kila kilichotolewa, kwa mikono, kisha Aguti akashona. Ngozi ilikuwa ngumu kuliko alivyofikiri.

"Aliichukua kweli," Aguti alisema, sindano mkononi.

"Aliichukua."

"Basi yale maneno yake yalikuwa ya kuficha wizi tu."

Nangila alifikiri. "Mimi nimeiba mihogo ya jirani mwaka wa njaa. Jirani alinishitaki kwa baraza, nikalima shamba lake wiki mbili. Hakunipasua. Mwizi ni mwizi, mwanangu, na tumbo lake bado ni lake. Wizi haukugeuza maneno yake kuwa uongo."

Walikuwa wanamfunga Elungat kwa shuka wakati Nashon alipofika na baiskeli, akihema, macho yamemtoka.

"Wamemshika," alisema. "Sokoni Busia, hatua chache kabla ya mpaka. Alianguka, watu wakamzunguka. Wanakungoja wewe, Mama Otai. Wamesema mke wa marehemu ndiye akate kwanza. Panda."

Aguti aliosha mikono, akapanda nyuma ya baiskeli. Hakuna haja ya kudanganya kuhusu alichokuwa nacho moyoni njia nzima. Alikwenda kukata. Alijiona akikata.

Soko la Busia lilikuwa limejaa. Wauza samaki, wauza vitunguu, wafanyabiashara wa Kenya waliokuwa wamevuka asubuhi na magunia yao, wote walikuwa wameacha biashara. Katikati, kwenye matope na maganda ya ndizi, Sajini alikuwa amelala chali. Walikuwa wamemvua shati. Sikio moja halikuwepo. Wanaume wawili walikuwa wamesimama juu ya viganja vyake, mmoja kila upande, na mwingine amekalia magoti yake.

Watu walimpisha. Mtu alimpa panga.

"Mpasue!" walipiga kelele. "Tuone na yeye kama ana kitu tumboni!"

"Tumtafutie moyo! Labda aliumeza!"

Wengine walicheka. Aguti alisimama juu ya Sajini. Tumbo lake lilikuwa jeupe kuliko uso, na vinyweleo vichache, na kovu dogo la zamani karibu na kitovu. Lilikuwa linapanda na kushuka haraka sana. Sajini alijaribu kusema, midomo iliyovimba ikatoa povu tu. Kisha alivuta kwa nguvu zake zote, akachomoa mkono mmoja kutoka chini ya mguu wa yule mwanamume, ngozi ya vidole ikabaki, akauweka juu ya tumbo lake. Hakujaribu kupiga mtu. Aliufunika tu ule mwili kwa kiganja kilichochunika.

Aguti alishindwa. Alimchukia mtu yule wakati ule kuliko wakati wowote, hata zaidi ya pale kwenye tundu la msumari. Lakini mkono ulioshika panga ukawa hautaki.

"Nilimwambia anywe," alisema. Sauti haikwenda mbali. Waliokuwa karibu tu ndio waliosikia. "Nilimwomba, akakataa. Nikimfungua huyu, basi Baba Otai alikosea na mimi nilikuwa sahihi. Angekunywa tu."

"Anasema nini?"

Alipaza sauti. "Nasema hapana! Mpelekeni polisi. Anyongwe wakitaka kumnyonga. Hapasuliwi mtu hapa!"

Kelele iliyotokea ilimfanya arudi nyuma hatua moja. Walimwita mjinga. Mwanamke mmoja alimtemea mate. Mtu akasema Wateso hawana uchungu na waume zao. Nashon, ambaye alikuwa mpole maisha yake yote, ambaye alikaa juu ya ndoo na kutazama rafiki yake akifunguliwa, alimpokonya panga.

"Kama wewe hutaki mimi nataka," alisema huku akilia. "Nilikuwa mle ndani! Nilikuwa nimekaa!"

"Nashon, usi..."

Aliinua panga. Aguti akajitupa juu ya Sajini, mgongo juu, mkono wa kulia umeinuka kujikinga. Panga lilikuwa limeshaanza kushuka. Lilimpata juu kidogo ya kifundo cha mkono, likapita mfupa, likakwama.

Hakuhisi maumivu mara moja. Aliona vidole vyake vikifanya jambo ambalo hakuviambia vifanye. Damu ilimrukia Nashon usoni. Nashon akaachia panga, akakaa matopeni, akaanza kuita jina la mama yake. Na lile soko zima, lililokuwa likiunguruma kama mto uliofurika, likanyamaza, maana walikuwa wamekuja kuona damu na damu waliyoiona haikuwa ile.

Polisi wa mpakani walipenya wakati huo huo, wakifyatua risasi juu. Walimkuta mwanamke amelala juu ya mwanamume aliyemuua mumewe, na ilibidi wambembeleze ainuke.

Daktari wa Tororo hakuweza kuuokoa mkono. Aliukata chini ya kiwiko, lakini kwanza alimwuliza Aguti kama anakubali, na Aguti akasema anakubali.

Kesi ilisikilizwa mjini Tororo. Rasto aliletwa kwa machela akatoa ushahidi wote, hata wa mambo yanayomhusu yeye. Ile dhahabu iliwekwa mezani juu ya kitambaa. Wakili wa Sajini alimwuliza Aguti mara tatu, kwa njia tatu, kama anakubali kwamba mumewe alikuwa mwizi.

"Nakubali," alijibu mara zote tatu. "Dhahabu ni ya Wesonga. Mrudishieni."

"Basi mteja wangu alikuwa na haki ya kutafuta mali yake?"

"Alikuwa na haki ya mali yake. Mali yake haikuwa Elungat."

Jaji aliandika jambo, akaomba maneno hayo yatafsiriwe mara ya pili, akaandika tena. Rasto alifungwa miaka kumi. Sajini alihukumiwa kunyongwa, na Aguti alipoambiwa hakushangilia wala hakuomba ahurumiwe. Nashon alishitakiwa kwa kumkata Aguti mkono. Aguti alikwenda mahakamani kumtetea, na Nashon akapewa kifungo cha miezi michache tu. Hawakuweza kuwa marafiki tena baada ya hapo, ingawa wote wawili walijaribu.

Elungat alizikwa Molo. Matanga yalipokwisha, wazee wa ukoo walimwita Aguti wakamweleza, kwa upole kabisa, kwamba mwanamke mwenye mkono mmoja na mtoto mdogo hawezi kukaa bila mtu, na kwamba ndugu wa marehemu, Ebong, yuko tayari kumrithi. Ng'ombe wa mahari walishatolewa zamani. Hili lilikuwa jambo la kawaida.

Aguti aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba anawashukuru, na kwamba atakaa kwenye nyumba ya mumewe na kulima shamba la mumewe, na kwamba hatarithiwa na mtu. Mzee mmoja alimwinulia fimbo. Aguti hakusogea. Alimtazama tu, kile kigutu chake kimelala mapajani, na mzee, ambaye kama kila mtu wa Molo alikuwa amesikia habari za soko la Busia, akaishusha fimbo yake chini.

"Na wewe unasemaje?" walimwuliza Ebong.

Ebong alikuwa mtu wa maneno machache. Alisema hawezi kumwoa mtu asiyetaka.

Mvua zilipotulia alikuja na maksai wake wawili, akamlimia Aguti sehemu ya chini ya shamba, ile yenye udongo mzito ambao mkono mmoja usingeuweza. Aguti alipika kalo, ule ugali wa wimbi, na kunde. Ebong alinawa, akala pamoja na Otai, akasifu kunde. Jua lilipoanza kushuka aliwafungua maksai, akaaga, akaenda kwake.